Joto Lipoteapo Si Taka, Ni Kiporo

Suna, ambako wengi siku hizi hukuita Migori kwa kufuata jina la mto upitao hapo, kuna soko lisilolala mapema. Jioni moja nilimkuta huko binti wa shule akiandika zoezi lake la fizikia kando ya jiko la mamaye, ambaye alikuwa akikaanga samaki. Mwangaza wake ulikuwa wa simu, na simu yenyewe ilikuwa inakata roho. Jiko nalo lilikuwa likimwaga joto pande zote, hata ikatulazimu sisi wanunuzi kurudi nyuma hatua mbili. Swali alilokuwa akilijibu lilimtaka aeleze jinsi joto linalotoka katika seli ya fueli linavyoweza kugeuzwa kuwa umeme.

Alipojua kwamba mimi ni mwalimu wa lugha, aliniamkia kwa adabu kisha akaniuliza: "Mwalimu, hili joto ambalo vitabu vyetu vya Kiingereza huliita taka, sisi twaliitaje?" Kabla sijafungua kinywa, mamaye alidakia huku akigeuza samaki: "Taka gani? Joto la jiko langu si taka. Samaki wakishaiva nabandika maji ya kuoga. Maji yakishachemka naweka chakula cha baba yenu kisipoe. Makaa yatakayobaki nayafukia kwenye jivu, ndiyo ya kuwashia kesho."

Nilinunua samaki wangu nikaenda zangu, lakini maneno ya mama yule hayakunitoka akilini. Katika sentensi chache alikuwa ameeleza kanuni ambayo wahandisi huitumia kupanga mitambo ya kawi, nayo ni kwamba joto kali lifanye kazi ya joto kali, lililopungua lifanye kazi ndogo zaidi, na la mwisho lihifadhiwe. Bintiye, aliyekuwa kando yake, alikuwa akiyatafuta maarifa hayo hayo katika kitabu, kwa lugha isiyokuwa ya jikoni mwao, wala asitambue kwamba jibu lilikuwa likimchoma mgongoni. Pengo hilo kati ya daftari na jiko ndilo ninalotaka kulijadili leo na walimu wenzangu pamoja na wanafunzi.

Hebu kwanza tulifafanue lile swali la zoezi, maana si swali baya. Seli ya fueli ni chombo kinachopokea haidrojeni upande mmoja na oksijeni upande wa pili, kikaziunganisha bila kuziwasha moto, na kutoa umeme, maji na joto. Aliyeionyesha dunia ni William Grove, mwanasayansi wa Wales ambaye pia alikuwa mwanasheria na baadaye hakimu, mwaka wa 1839. Kwa miaka mingi ilikuwa kitu cha maabara tu, hadi Wamarekani walipoitia katika vyombo vyao vya angani, vikiwemo vile vya Apollo vilivyokwenda mwezini. Humo wanaanga waliutumia umeme wake na kuyanywa maji yake. Leo zipo seli za namna hiyo katika magari, katika majengo na katika mitambo ya umeme.

Hata hivyo, seli ya fueli haigeuzi kawi yote kuwa umeme. Aghalabu asilimia 40 hadi 60 ya kawi ya fueli ndiyo ipatikanayo kama umeme, na nyingi ya iliyosalia hutoka kama joto. Hapo ndipo swali lile linapoingia: je, joto hili liachwe liende na upepo, au lipitishwe katika jenereta ya themoelektriki litoe umeme mwingine?

Jenereta hiyo nayo haina miujiza. Mwaka wa 1821, Thomas Johann Seebeck aligundua kwamba ukiziunganisha metali mbili tofauti zikawa kitanzi, kisha ukaupasha moto ungio mmoja na kuuacha wa pili ukiwa baridi, kitanzi hicho huweza kuisogeza sindano ya dira. Baadaye ilibainika kwamba mkondo wa umeme ulikuwa ukipita humo. Vipande vya siku hizi havitumii waya za kawaida bali hutumia nusu-vipitishi, hasa bismathi teluraidi, vilivyopangwa jozi baada ya jozi kati ya vigae viwili vyembamba. Havina gurudumu, havina mvuke wala havipigi kelele. Upande mmoja ukiwa moto na wa pili ukiwa baridi, umeme hutoka. Pande zote mbili zikiwa na halijoto sawa, hakitoki kitu hata kama zote mbili zinaunguza.

Katika sentensi hiyo ya mwisho nimelitumia neno "halijoto", na hapa sina budi kusema kidogo kuhusu kazi yangu. Katika maongezi ya kila siku, sisi hulitumia neno "joto" kwa mambo mawili. Twasema "joto la leo ni kali" tukikusudia kiwango kinachopimwa kwa kipimajoto, na twasema "jiko linatoa joto" tukikusudia kawi inayohama kutoka kitu chenye moto kwenda kitu cha baridi. Sayansi huyatenga mambo hayo mawili. Lile la kwanza wengine huliita jotoridi na wengine halijoto, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilikwisha kuchapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka wa 1990. Kwa hivyo asitokee mtu kudai kwamba Kiswahili hakina zana. Zana tunazo, ila tumezifungia sandukuni.

Mwanafunzi asiyezitenga dhana hizo mbili hataelewa kwa nini cheche iliyoruka kutoka kwenye jiko, ambayo ina halijoto kubwa mno, haiwezi kuchemsha hata kijiko cha maji, ilhali pipa la maji ya uvuguvugu lina joto la kutosha kukausha nguo za kitanda kizima. Wala hataelewa kwa nini joto la seli moja ya fueli lafaa kwa umeme na la nyingine halifai. Atakariri jibu, atapata alama yake, na siku ya pili atakuwa amelisahau.

Tulipime jambo lenyewe kwa hesabu nyepesi. Zipo seli za fueli zifanyazo kazi kwenye halijoto ya nyuzi 80 hivi, ambazo ndizo zinazotumika katika magari. Tuseme hewa ya nje ni nyuzi 25. Ukiongeza 273 kwa kila kipimo utapata 353 na 298. Tofauti yake ni 55, na 55 ukiigawa kwa 353 utapata asilimia 16 hivi. Hicho ndicho kikomo ambacho mtambo wowote unaogeuza joto hilo hauwezi kukipita, hata ungeundwa na malaika. Kipande halisi cha themoelektriki hupata sehemu ndogo tu ya kikomo hicho, pengine asilimia 2 au 3. Sasa chukua seli za aina nyingine, zile za oksaidi ngumu, ambazo huweza kufanya kazi kwenye nyuzi 700. Kikomo chake ni asilimia 69. Hapo walau pana mahali pa kuanzia, ijapokuwa vipande tulivyo navyo bado havifikii hata asilimia 10 katika kazi nyingi za kila siku.

Hesabu hii yatufunza nini? Yatufunza kwamba joto lililopoa lina thamani ndogo kwa mwenye kutaka umeme, lakini lina thamani kubwa kwa mwenye kutaka joto. Wajapani waliling'amua hilo mapema. Tangu mwaka wa 2009 wamekuwa wakiuza seli za fueli za majumbani chini ya jina la Ene-Farm. Umeme wake huwasha taa, na joto lake hupasha maji ya kuoga. Hawakung'ang'ania kuligeuza kila joto kuwa umeme. Walifanya kama yule mama wa Suna, waliokwisha kuivisha samaki wakabandika maji.

Ndiyo sababu sikubaliani na wale wanaolitafsiri joto hili moja kwa moja kuwa "joto taka". Taka ni kitu cha kutupwa. Mtoto akifunzwa kuliita taka, ameshafunzwa kulitupa kabla hajalipima. Kiswahili kina neno zuri zaidi, nalo ni kiporo, yaani chakula kilicholala, kilichosazwa usiku kikaliwa asubuhi. Kiporo si karamu, wala hakuna anayemwandalia mgeni wa heshima kiporo. Lakini hakuna mama mwenye akili anayekimwaga. Kina matumizi yake, kina wakati wake, na kikikawia sana huchacha. Joto nalo ni vivyo hivyo. Likikawia hupoa, na likishapoa halimfai mtu. Basi napendekeza tuliite "joto kiporo". Msomaji aliye na neno bora na alilete, mradi lisiwe neno linalotufunza kutupa.

Huenda mtu akasema kwamba majina ni kazi ya wana-isimu wasiokuwa na kazi. Sivyo. Wenyeji wa Suna wanajua uzito wa majina kuliko wengi wetu. Wasuna wa kale walihesabiwa miongoni mwa Wasuba, wasemaji wa lugha ya Kibantu, na vizazi vyao leo husema Kijaluo. Lugha ile ilififia hatua kwa hatua, lakini jina limebaki katika ardhi na katika maeneo bunge ya Suna Mashariki na Suna Magharibi. Hata lugha huacha kiporo chake. Anayekitambua hukitumia kuisoma historia, na asiyekitambua hupita juu yake kama apitaye juu ya jiwe.

Turudi jikoni. Nusu kilo ya makaa ikiungua kwa saa moja hutoa kawi ya takriban wati 4,000. Jiko la bati tupu huifikishia sufuria sehemu moja hivi kwa tano, yaani wati 800. Zile wati 3,200 zilizosalia huishia katika ubavu wa jiko, katika moshi na katika uso wa mpishi. Tukiweka kipande cha themoelektriki ubavuni, tukakipitishia wati 100 za joto lile, huku upande wake wa pili ukipozwa na sufuria ya maji, tutapata wati 5 hivi za umeme. Hizo zatosha kuchaji simu ya kawaida, na zatosha kabisa kuwasha taa ndogo ya kusomea. Yule binti asingalikatiwa mwangaza katikati ya zoezi lake.

Hili si ndoto. Katika miaka ya 1950, huko Urusi ya Kisovieti, zilitengenezwa taa za mafuta zilizofungwa jenereta za themoelektriki juu yake, na umeme wake ukaendesha redio katika vijiji visivyokuwa na nyaya. Familia ilipata mwangaza na habari kwa mafuta yale yale. Vyombo vya angani Voyager, vilivyorushwa na Wamarekani mwaka wa 1977, viliondoka duniani vikiwa na jenereta za namna hiyo hiyo, zilizopashwa moto na plutonia. Joto lake lilikuwa wati takriban 7,000, na umeme uliopatikana ulikuwa wati 470 hivi. Uchache huo haukuzuia vyombo vile kutuletea habari za Mshtarii na Zohali, na kuendelea kutuma ishara kwa zaidi ya miaka arubaini. Katika siku zetu, kampuni ya BioLite imeuza majiko ya kuni ambayo joto lake huzalisha umeme wa kuzungusha feni ndani ya jiko lenyewe, ili kuni ziungue vizuri na moshi upungue, na umeme wa ziada ukachaji simu.

Lakini nitakuwa mwongo nikiishia hapo. Rudia tena hesabu zetu. Ukiliacha jiko la bati, ukatumia jiko lililotiwa kauri ndani, ambalo mafundi wa jua kali wa Kenya walianza kuliunda mapema katika miaka ya 1980, sufuria itapokea karibu theluthi moja ya kawi badala ya moja kwa tano. Kwa upishi ule ule, badala ya wati 4,000 utahitaji 2,400. Umeokoa wati 1,600 za joto kwa udongo uliofinyangwa na kuchomwa. Kipande cha themoelektriki kimekupa wati 5. Ni kweli kwamba wati ya umeme hufanya mengi ambayo wati ya joto haiwezi. Huwezi kuchaji simu kwa kuiweka juu ya makaa. Hata hivyo mpangilio uko wazi. Kwanza zuia joto lisipotee. Pili, lililopotea litumie kama joto. Tatu, linalosalia likiwa bado kali, hapo ndipo uligeuze umeme. Anayeanzia hatua ya tatu ni sawa na mtu anayekinga maji ya mvua kwa kikombe ilhali mtungi wake umetoboka.

Ukizunguka katika nchi ya Migori utaona mitungi iliyotoboka kila upande. Kinu cha posho huendeshwa na injini ya dizeli, nayo hugeuza theluthi moja hivi tu ya kawi ya mafuta kuwa kazi. Iliyobaki hutoka kwa bomba la moshi na kwa maji ya kupoza injini. Nje ya kinu hicho hicho mkulima ameanika mahindi juu ya turubai, akitazama mawingu kwa hofu. Mahindi yakihifadhiwa kabla unyevu haujashuka hadi asilimia 13.5, yamo hatarini kuota kuvu wa sumu ya aflatoksini. Mwaka wa 2004 sumu hiyo iliwaua watu 125 mashariki mwa Kenya. Hewa safi iliyopashwa moto na rejeta ya injini, bila kuchanganywa kamwe na moshi wake, ingeweza kukausha nafaka ya jirani. Hapo hapahitajiki umeme hata chembe. Linalohitajika ni fundi mwenye bati, na mtu aliyefunzwa kuliona joto.

Tumbaku nayo ina kisa chake. Kwa miongo mingi wakulima wa Migori na Kuria wamekausha majani ya tumbaku katika mabanda ya moto, kuni zikiungua kwa siku kadhaa mfululizo, na halijoto ikipandishwa polepole hadi nyuzi 70 hivi. Misitu mingapi imepita katika mabomba ya mabanda hayo ikawa joto la kuipasha hewa ya Mungu? Sitawashauri wakulima waiboreshe kazi hiyo. Heri wale walioiacha, kama walivyofanya wengi katika mradi ulioanzishwa Migori mwaka wa 2022 na serikali pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya, kilimo na chakula, wakapanda maharagwe yenye madini ya chuma kwa wingi. Lakini somo la fizikia libaki. Mlima usiokuwa na miti ni daftari la hesabu za joto zilizokosewa.

Upo pia mfano wa kutia moyo, na wa kutia hofu pia. Kiwanda cha sukari cha Awendo, kilichoanza kusaga miwa mwaka wa 1979, huendeshwa kama vilivyo viwanda vyote vya namna yake, makapi ya miwa yakichomwa yachemshe maji, na mvuke ukaendesha mitambo na kupika sukari. Mumias walikwenda mbali zaidi. Mwaka wa 2009 walizindua mtambo wa megawati 38, na megawati 26 kati ya hizo zilikusudiwa kuuzwa katika gridi ya taifa. Makapi yaligeuka shilingi. Muongo mmoja baadaye, mwaka wa 2019, kampuni hiyo ikawekwa chini ya meneja mrasimu. Hapo fizikia haikukosea. Joto la makapi halikubadilika. Kilichoharibika ni usimamizi. Kwa hivyo mwanafunzi anayesoma kuhusu kawi na asidhani kwamba hesabu za nyuzi na wati zatosha. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na uchovyaji haupimwi kwa kipimajoto.

Huko Bonde la Ufa nako, shamba la maua la Oserian lilitumia joto la ardhini kupasha vibanda vya mimea. Kampuni ya GDC nayo ilionyesha kule Menengai kwamba joto hilo hilo laweza kutibu maziwa, kukausha nafaka na kufua nguo. Mwezi wa Septemba mwaka 2023, serikali ilizindua mkakati wa haidrojeni ya kijani. Yamkini basi, yule binti akifika umri wa mamaye, seli ya fueli haitakuwa tena kitu cha mitihani tu nchini mwetu. Atakuwa mhandisi wake au atakuwa mnunuzi wake tu? Jawabu linapikwa sasa, madarasani.

Najua pingamizi litakalotolewa. Mtu atasema: kwa nini tuhangaike na vipande vya themoelektriki, ilhali paneli ndogo ya jua hutoa umeme zaidi kwa bei nafuu zaidi? Ni hoja ya haki na naikubali. Mzazi wa Suna mwenye akiba ya kununua kitu kimoja tu, na anunue paneli ya jua. Usiache mbachao kwa msala upitao. Kipande cha jiko kina faida moja, nayo ni kwamba hufanya kazi usiku na wakati wa mvua, saa ile ile ambayo jiko lawaka na mtoto ataka kusoma. Lakini ni kidogo, ni ghali kwa kila wati, na huharibika kikipashwa moto kupita nyuzi 250 hivi. Wala mtu asije akafunga milango na madirisha ili "asipoteze joto" la makaa. Hewa ya sumu ya makaa huua watu wakiwa usingizini. Hilo walimu tulirudie kila mwaka.

Hoja yangu basi si kwamba kila jiko lifungwe jenereta. Hoja yangu ni kwamba jiko liingizwe darasani. Kundi la kwanza la wanafunzi wa Gredi ya 10 liliingia sekondari pevu mwezi wa Januari mwaka 2026, kila mmoja akiwa amechagua mkondo wake. Wengi wanaogopa mkondo wa sayansi kwa kudhani kwamba sayansi huishi Nairobi na ng'ambo, katika maabara yenye vigae vyeupe. Nani atakayewaondolea hofu hiyo isipokuwa mwalimu?

Mwalimu wa fizikia asiyekuwa na maabara na afanye hivi. Atafute waya wa shaba na waya wa chuma. Azisokote ncha zake apate maungio mawili, aukate waya mmoja wa shaba katikati na kuunganisha galvanomita nyepesi. Ungio mmoja auingize katika maji yanayochemka, na wa pili katika maji baridi. Atapata chini kidogo ya milivolti moja. Ni kidogo, lakini sindano itasogea, na darasa zima litaiona. Kisha awaulize wanafunzi: tukiunganisha jozi kumi mfululizo itakuwaje? Na wapime. Tena, akiupasha ungio ule kwa mwali wa moto badala ya maji, wataona ajabu nyingine. Volti hupanda hadi halijoto ifikapo nyuzi 275 hivi, kisha huanza kushuka. Kuzidisha moto si kuzidisha faida. Hilo ni somo la shaba na chuma, nalo lawafaa hata wanadamu.

Mwalimu wa Kiswahili naye asikae kando. Awape wanafunzi insha ya kueleza safari ya joto kutoka kaa la moto hadi sufuriani, wakizitenga dhana za joto na halijoto pasi na kuchanganya. Awaulize nyumbani kwao husemwaje. Mjaluo ana neno mach kwa moto na liet kwa kilicho moto. Wakuria na Wasuba wana maneno yao. Mtoto akiona kwamba lugha ya nyanyake ilikwisha kuipima dunia kabla ya kitabu, hataiona sayansi kama mgeni aliyekuja kumdharau. Vyuo vyetu vya ufundi navyo vina wajibu wa kuwafunza vijana kuunda majiko ya kauri, na vikaushio vya nafaka vinavyotumia joto la injini, kabla ya kuota ndoto za mitambo wasiyoweza kuikarabati.

Natamani kurudi Suna nikamkute yule binti. Nitamwambia kwamba jibu la swali lake lina sehemu mbili. Kwa mwalimu wake na aandike kwamba joto la seli ya fueli laweza kugeuzwa umeme palipo na tofauti kubwa ya halijoto, lakini kwamba tofauti ikiwa ndogo ni heri litumike kupasha maji. Kisha afunge daftari, amtazame mamaye anavyobandika sufuria ya pili baada ya ya kwanza, na amwombe amweleze tena, polepole, kwa nini hakubali liitwe taka.